Katibu wa kikundi, miaka 54: nianzie wapi kompyuta ili daftari la hisa liingie kwenye Excel?

Katibu_Kihonda

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Tuko wanachama 25, tunakutana kila Jumamosi. Hesabu zote ziko kwenye daftari za mkono: hisa, mfuko wa jamii, marejesho na faini. Kikundi kimenunua laptop iliyotumika na nimekabidhiwa mimi. Simu naijua, WhatsApp naijua, miamala natuma mwenyewe. Kompyuta ndiyo sijawahi kuishika.

Naomba msaada wa mambo manne. Kwanza, kuna kituo kinafundisha miezi mitatu: utangulizi, Word, Excel, PowerPoint, Access, Publisher na intaneti. Je, nahitaji vyote? Pili, nikibofya faili mara mbili halifunguki, jina lake linageuka bluu kama linataka niliandike upya. Nakosea wapi? Tatu, laptop inachukua karibu dakika sita mpaka itulie. Nne, nina saa moja tu kila jioni. Wiki hii nianze na nini?

Mwalimu wa Jioni

Shikamoo mama. Naanza na la pili, maana hilo ndilo linalowakatisha tamaa watu wazima wengi siku ya kwanza, na halina uzito wowote.

Windows inapima muda kati ya bofyo la kwanza na la pili. Yakifuatana haraka, inaelewa "fungua". Yakiachana kidogo, inaona mabofyo mawili yasiyohusiana: la kwanza limechagua faili, la pili limegusa jina la faili ambalo tayari limechaguliwa, na hiyo ndiyo amri ya kubadili jina. Ndiyo maana linageuka bluu. Bonyeza Esc, jina linabaki lilivyokuwa. Usiguse herufi yoyote kabla ya Esc, kwa sababu herufi moja tu inafuta jina lote la zamani. Ikitokea, bado una Esc, na kama umeshabonyeza Enter tumia Ctrl+Z (shikilia Ctrl, bonyeza Z: inatengua ulichofanya mwisho).

Njia ya kuliepuka kabisa: bofya faili mara moja, kisha bonyeza Enter kwenye kibodi. Matokeo ni yale yale, na hakuna anayekukimbiza.

Mabofyo mawili hushindikana kwa sababu nyingine pia: mkono unasogea katikati. Anayeanza hubofya kwa mkono mzima, kama anayepiga muhuri, na mausi inateleza milimita chache. Laza kiganja mezani kitulie. Kidole gumba na kidole cha pete vishike ubavuni. Kidole cha shahada kikae juu ya kitufe cha kushoto muda wote, usikinyanyue. Anayebofya ni kidole peke yake. Ukitaka Windows ikupe muda zaidi, fungua Start, andika mouse settings, tafuta Additional mouse settings (Windows 10 inaandika options), nenda Buttons, kisha buruta kile kishikio cha Double-click speed kuelekea Slow. Pembeni yake kuna kifolda cha njano cha kujaribia: kikifunguka na kufungika kila unapobofya mara mbili, umepatia.

Na shika kanuni hii mapema. Mara mbili ni kwa picha zilizo kwenye desktop na mafaili yaliyo ndani ya folda. Karibu kila kitu kingine ni mara moja: vitufe, menyu, vitu vya ule mstari wa chini, viungo vya intaneti. Ukizoea kubofya mara mbili kila mahali, siku moja utatuma fomu ile ile mara mbili.

Kuhusu kituo: Access na Publisher huvihitaji. PowerPoint hapana, labda baadaye. Kabla hujalipa uliza maswali matatu: kila mwanafunzi ana kompyuta yake au mnakaa wawili wawili? Kuna muda wa mazoezi nje ya kipindi? Naweza kuleta daftari letu la kikundi nikafundishiwa humo? Jibu la tatu likiwa hapana, mwezi wa Excel utaishia kwenye mifano ya alama za wanafunzi na utarudi nyumbani hujui pa kuweka hisa.

Ratiba ya wiki hii. Jioni mbili za kwanza ni za mkono tu: fungua Paint, chora maboksi, yajaze rangi, yaburute. Au cheza karata za Solitaire. Windows ilianza kuja na mchezo huo mwaka 1990, toleo la 3.0, na umewazoesha watu wengi kuburuta kitu na kukiachia mahali pake. Usione haya kuucheza.

Jioni tatu zinazofuata ni za faili, na hapa nakusihi usiruke. Simu imekuzoesha kwamba ukiandika kitu kinajihifadhi chenyewe, na hujawahi kulazimika kujua kimekaa wapi. Kompyuta inasubiri uiambie mambo matatu: hifadhi, mahali gani, kwa jina gani. Fungua Notepad, andika mstari mmoja, bonyeza Ctrl+S. Litafunguka boksi. Soma upande wa kushoto, chagua Documents, andika jina, bonyeza Save. Funga kila kitu. Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, ingia Documents, litafute faili lako na ulifungue. Rudia mara kumi kwa majina kumi. Kisha tengeneza folda iitwe KIKUNDI, uyaburute yote kumi humo. Ukiweza kusema bila kusita "faili langu liko Documents, ndani ya KIKUNDI", umevuka mto ambao wengi wamekwama nao miaka.

Tofauti ya Save na Save As: Save inaandika juu ya faili lile lile. Save As inatengeneza nakala nyingine, na la kwanza linabaki kama lilivyokuwa uliposevu mara ya mwisho. Watu hupoteza daftari la mwezi uliopita kwa kulifungua, kufuta namba ili waandike za mwezi huu, kisha kubonyeza Save.

FundiBodi

Mama, hizo dakika sita karibu hakika ni diski. Laptop ikishawaka, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, tazama palipoandikwa Disk 0. Chini yake patakuwa na neno HDD (diski ya zamani inayozunguka, nzito) au SSD (isiyozunguka, nyepesi). Kama ni HDD na wakati wa kuwaka inagonga 100%, hakuna programu ya "kusafisha kompyuta" itakayokusaidia, na nyingi ya hizo ndizo zinazoizidishia mzigo. Mpe fundi aweke SSD ya GB 256. Mwonyeshe mashine kwanza, maana nyingine zinapokea ile ya boksi ya inchi 2.5 na nyingine ile nyembamba kama kijiti cha ubao, inayoitwa M.2. Hapo hapo tazama Memory (RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi): ikiwa GB 4, iongezwe hadi 8 kama kuna nafasi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mashine nzito inamfundisha mwanafunzi tabia mbaya. Unabofya Excel, haiji, unabofya tena, na tena. Kumbe zote zilipokelewa, na baada ya dakika zinafunguka Excel nne. Bofya mara moja, kisha tazama mshale: kama umegeuka kiduara kinachozunguka, amri imefika. Ondoa mkono.

Mengine kwa haraka:

Nunua mausi ya waya ya USB. Ile pedi ya kugusa iliyo mbele ya kibodi ni ngumu kwa anayeanza, na ukiwa unaandika kiganja kinaigusa, kile kijiti kinachopepesa kinaruka, na maneno yanaingia katikati ya sentensi nyingine. Watu hudhani ni virusi. Fungua Settings, tafuta Touchpad. Ukishapata mausi unaweza hata kuizima.

Macho. Kwenye Settings andika text size, sogeza mpaka 125% au 150%. Andika pointer size, mshale uwe mkubwa, mweusi. Usijifunze ukiwa umekunja uso.

Bando. Ukiwasha hotspot ya simu, Windows inaiona kama intaneti ya kawaida ya ofisini na inaanza kupakua masasisho yake kimya kimya. Settings, Network & internet, Wi-Fi, bofya jina la hotspot yako, washa Metered connection. Bila hilo bando la wiki linaweza kuisha jioni moja na wewe hujafungua hata ukurasa.

Na angalia ni Windows ipi. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Intel, Windows 11 inadai prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine). Kama laptop yenu ni ya nyuma ya hapo itaendelea kufanya kazi ya daftari vizuri, ila usiitumie kwa mambo ya benki, na flashi za watu zikae mbali nayo.

Mhasibu255

Mwalimu amesema vizuri kuhusu faili. Mimi naongeza Excel, maana ndiyo kazi yenyewe, na naona usisubiri miezi mitatu. Wiki ya pili anza.

Shiti ya kwanza iite Michango (bofya mara mbili kwenye jina Sheet1 pale chini, andika). Mstari wa kwanza ni wa vichwa: A Tarehe, B Namba, C Jina, D Hisa, E Thamani, F Mfuko wa jamii, G Marejesho, H Faini, I Jumla. Namba ni ya mwanachama, 1 hadi 25, na haibadiliki. Bei ya hisa iweke peke yake kwenye seli (kisanduku) L1, yaani kolamu L mstari wa 1, tuseme 5000.

Kwenye E2 andika =D2*$L$1 na kwenye I2 andika =SUM(E2:H2). Zile alama za dola hazihusu fedha. Zinaiambia Excel: hata nikiinakili fomula hii chini, L1 ibaki L1. Usipoziweka, mstari wa mwanachama wa pili utasoma L2, wa tatu L3, ambako hakuna kitu, na mwanachama aliyenunua hisa tatu ataonekana ana thamani 0.

Kunakili chini ni pale mausi inapobadilika sura, na hapa tulia uangalie kwa karibu. Ukiwa katikati ya seli, mshale ni msalaba mnene mweupe: huo unachagua tu. Ukigusa ukingo wa seli, unakuwa msalaba wenye mishale minne: huo unahamisha seli nzima. Ukigusa kile kijiboksi kidogo cha pembe ya chini kulia, unakuwa msalaba mwembamba mweusi: huo ndio unaonakili. Buruta ukiwa na huo mweusi peke yake. Ukiburuta na wa mishale minne, namba ya mtu inahamia mahali pengine bila kelele yoyote. Ctrl+Z papo hapo.

Kila Jumamosi endelea chini, mistari 25 mingine, kwenye shiti ile ile. Usifungue shiti mpya kwa kila kikao. Mwaka mzima ni mistari 1,300 hivi, na Excel ina zaidi ya milioni moja. Faida unaiona kwenye shiti ya pili, iite Wanachama: A namba, B jina, C simu, na D2 andika =SUMIF(Michango!B:B,A2,Michango!E:E). Hiyo inapitia vikao vyote na kukujumlishia thamani ya hisa za mwanachama mmoja. Inatafuta kwa namba, si kwa jina, kwa makusudi: leo utaandika Mwanaidi, kesho Mwanahidi, keshokutwa utaacha nafasi baada ya jina, na kwa Excel hao ni watu watatu.

Onyo kuhusu L1. Mkipandisha bei ya hisa mzunguko ujao na ukabadilisha L1 kwenye faili hili hili, hisa zote za zamani zitapanda bei pia. Mzunguko mpya, faili jipya.

Daftari la mkono usiliache. Andika kote kote kwa vikao vinane. Kabla sanduku halijafungwa, fedha iliyohesabiwa mezani, jumla ya daftari na jumla ya Excel ziwe namba moja. Zisipolingana mtatafuta kosa hapo hapo wenye fedha wakiwa wameketi, badala ya kulikuta Desemba kwenye mgawo.

Katibu_Kihonda

Nawashukuru sana, Mungu awabariki. Faili sasa linafunguka, na nimeweka mausi ya waya. Ni HDD kweli, fundi ataibadilisha mwisho wa mwezi.

Nimejaribu daftari la kikao kimoja. Nimekutana na haya: jumla ya kolamu ya marejesho inaleta 0 wakati namba zipo naziona. Sehemu nyingine pamejaa alama kama ngazi, #######. Namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo. Na namba ya NIDA ya mwenyekiti imegeuka kuwa 1.97E+19, sielewi.

Mhasibu255

Ya kwanza: naomba utazame umeandikaje. Nadhani umeandika 15,000/= kama tunavyoandika kwenye risiti.

Katibu_Kihonda

Ndiyo, hivyo hivyo.

Mhasibu255

Basi ndipo lilipo kosa. Kwa Excel, 15,000 ni namba. 15,000/= ni maandishi, sawa na jina la mtu, na SUM inayaruka maandishi bila kukuambia. Dalili iko machoni: namba husogea kulia kwa seli, maandishi hukaa kushoto. Tazama kolamu yako, zote zimeegemea kushoto.

Kurekebisha: bofya herufi ya kolamu juu kabisa (G) ili ichaguliwe yote, bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what andika /= na Replace with uache tupu, kisha Replace All. Zitahamia kulia na jumla itakuja yenyewe. Zitakazobaki kushoto zichunguze moja moja: huenda umeandika "Tsh" mbele, au herufi O badala ya sifuri. Waliozoea mashine za taipu hubonyeza l ndogo mahali pa 1, hilo pia lipo. Nukta badala ya mkato ni ya hatari zaidi kwa sababu haiachi dalili. 15.000 inakubalika kama namba, lakini ni kumi na tano tu.

Ukipenda /= ionekane, chagua kolamu, Ctrl+1, Custom, na kwenye Type andika #,##0"/=" kisha OK. Wewe unaandika 15000, inaonekana 15,000/=, na ndani inabaki namba.

Kuna 0 ya aina nyingine. Ukiwa umesimama G27 ukaandika =SUM(G2:G27), umeiambia seli ijijumlishe yenyewe. Litakuja onyo lenye maneno circular reference na seli itaonyesha 0. Jumla iishie mstari mmoja juu: =SUM(G2:G26).

Zile ngazi ni kolamu nyembamba, namba haienei. Weka mshale kwenye mpaka kati ya herufi za kolamu juu, bofya mara mbili, itajitanua.

Simu na NIDA ni jambo moja: hizo si namba za kuhesabu. Excel inaona 0 ya mbele haina maana, inaitupa. NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu za mwanzo. Tano za mwisho zimeshageuzwa sifuri, hazirudi hata ukitanua kolamu. Chagua kolamu kwanza, Home, pale palipoandikwa General chagua Text, ndipo uandike upya. Kubadilisha kuwa Text baada ya kuandika hakurudishi kilichopotea. Ukiandika NIDA na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, itakubalika pia kama maandishi.

Kabla hujauliza, tarehe nayo. Laptop zilizotumika mara nyingi zimewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi mbele. Ukiandika 4/7/2026 ukimaanisha Julai, inahifadhi Aprili 7. Ukiandika 18/7/2026 haijui mwezi wa 18, inaiacha kushoto kama maandishi. Kwa hiyo baadhi ya tarehe zako zitakuwa na makosa yasiyoonekana. Settings, Time & language, Region, na kwenye Regional format chagua English (United Kingdom). Fanya hivyo leo kabla hujaingiza vikao zaidi, na zile ulizokwisha kuandika zirudie moja moja.

Mwalimu wa Jioni

Naongeza jambo moja la Excel ambalo limewahi kuchanganya madaftari mengi: kupanga kwa alfabeti. Ukichagua kolamu ya majina peke yake na kubonyeza A-Z, Excel inauliza. Expand the selection maana yake kila jina litembee na fedha zake. Continue with the current selection maana yake majina yasogee, fedha zibaki. Ukichagua ya pili na ukasevu, marejesho ya mtu yameandikwa kwa jirani yake, na jumla kuu bado inalingana, kwa hiyo hamtagundua. Soma boksi kabla ya kubonyeza Enter. Hii ni kwa kila boksi, si la kupanga tu. Mtu mzima huogopa lile boksi na kubonyeza OK ili liondoke. Likija, ondoa mkono kwenye mausi, soma vitufe vyake, na ukiwa huelewi bonyeza Cancel au Esc. Cancel haiharibu kitu.

Na kila jioni mama, dakika 15 za kuandika kwa vidole vyote.

Mhasibu255

Hapo tunatofautiana kidogo, mwalimu. Kazi ya daftari ni namba, na vidole viwili vinatosha miezi ya mwanzo.

Mwalimu wa Jioni

Kwa namba, nakubali. Lakini katibu anaandika mihtasari ya vikao pia, na anayewinda herufi kwa jicho hatazami kioo, kwa hiyo hayaoni makosa mpaka mwisho wa ukurasa. Papasa kibodi, F na J zina vinundu vidogo: vidole vya shahada vikae hapo, vingine vijipange pembeni. Mazoezi mengi ya intaneti ni ya Kiingereza na yanakuchosha na q na x ambazo Kiswahili hakizitumii. Nakili muhtasari wa kikao cha zamani kutoka daftarini. Jua tu kwamba herufi yetu inayojirudia zaidi ni a, nayo iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu. Kitauma siku za mwanzo. Dakika 15, si saa nzima.

Pwani_Tulivu

Salamu kutoka Mombasa. Kwa vile mihtasari imetajwa, Word ina vishawishi vyake.

Mistari myekundu chini ya kila neno haimaanishi umekosea, ni kwamba inasoma Kiswahili kama Kiingereza. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, tafuta Kiswahili. Kama hupati kamusi yake, weka alama kwenye Do not check spelling or grammar, upumzike.

Ukiorodhesha maazimio (a), (b), (c), ile ya tatu itageuka ©. Ikigeuka bonyeza Ctrl+Z mara moja tu, mabano na herufi vitarudi.

Kabla ya kupeleka kuchapisha, nenda Layout, Size, uhakikishe ni A4. Laptop zilizowekwa kwa mtindo wa Marekani zinakuja na Letter (karatasi ya kipimo cha Marekani), na printa inasimama ikidai karatasi wakati trei imejaa. Na usipeleke faili la Word, peleka PDF: File, Save As, chini ya jina pana aina ya faili, chagua PDF. Word ya steshenari ikiwa toleo tofauti, jedwali lako litavunjika na saini zitahamia ukurasa wa pili.

FundiBodi

Na flashi ikirudi kutoka steshenari usiifungue kwa pupa. Virusi wa kawaida huko huficha folda zako na kuweka mahali pake vinjia vya mkato vyenye jina lile lile, vikiwa na kimshale kidogo pembeni ya picha. Ukivibofya ndipo vinaingia kwenye laptop. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Scan with Microsoft Defender, kwenye Windows 11 huenda kikafichwa ndani ya Show more options. Mafaili yako hayajafutwa. Ukishasafisha, fungua Start, andika cmd, Enter, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Yatatokea. Njia nyepesi kuliko zote ni kutuma PDF kwa barua pepe ya steshenari, flashi ibaki nyumbani.

Katibu_Kihonda

Jumla imekuja. Ilikuwa ile /= na moja ilikuwa na herufi O. Swali la mwisho: umeme wetu unakatika, na mwenyekiti anataka faili lifungwe kwa nywila watu wasilisome. Nifanyeje?

Mhasibu255

Umeme: laptop yenye betri nzima itakuvusha, ila betri za laptop zilizotumika usiziamini. Ctrl+S kila baada ya wanachama watatu. Excel ina uokoaji wake wa kila dakika 10, lakini dakika kumi za kikao ni watu wengi. Baada ya kikao tengeneza nakala mbili: moja kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, moja ujitumie kwa barua pepe. Jina lianze na mwaka, mfano Daftari 2026-07-18, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano.

Nywila: File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password. Itakuomba uiandike mara mbili. Angalia taa ya Caps Lock kabla, maana herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Ikisahaulika, Microsoft hawawezi kukufungulia. Iandikeni kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha, iwekwe ndani ya sanduku la kikundi ambalo halifunguki bila washika funguo wote. Kisha funga faili na ulifungue tena mara mbili mwenyekiti akiwepo, kabla hujafuta ile nakala isiyo na nywila.